Mtunga swali asiwe hakimu wa swali lake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linaloua michezo mingi ya chemsha bongo inayochezwa mtandaoni kwa urafiki, ile isiyo na kiingilio wala zawadi. Maswali magumu hayaiui, wala wale wachache wanaochungulia majibu. Kinachoiua ni namna rufaa zinavyoamuliwa. Mchezaji anapinga jibu, mtunga swali anamjibu kwamba jibu ni lilelile aliloliandika, watu wanagawanyika pande mbili, na wiki inayofuata timu kadhaa hazirudi.

Pendekezo langu ni hili: aliyetunga swali aeleze alikusudia nini na alilitoa wapi, kisha akae pembeni. Uamuzi utolewe na watu wengine, kwa kanuni zilizotangazwa kabla ya swali la kwanza kusomwa.

Wapo wanaoona ni kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Sidhani kama watunzi wana hila. Tatizo lao ni kwamba hulisoma swali wakiwa na jibu tayari kichwani, kwa hiyo hawaoni kile ambacho swali halikusema. Chukua swali hili: "Mchezaji wa tenisi anahitaji kuupiga mpira mara ngapi, kwa uchache kabisa, ili ashinde seti?" Mtunzi anapiga hesabu: seti ni gemu sita, kila gemu pointi nne, jumla 24. Hesabu inapendeza, ila jibu si sahihi. Katika gemu tatu kati ya hizo sita, anayeanzisha mpira ni mpinzani, na mpinzani anaweza kukosea kuanzisha mara mbili mfululizo katika kila pointi. Hapo mchezaji wetu anavuna pointi 12 bila kuugusa mpira. Zinabaki gemu tatu anazoanzisha mwenyewe, zenye pointi 12, kila moja kwa pigo moja ambalo mpinzani hakulifikia. Jibu ni 12.

Rufaa ya namna hiyo ikija, waendesha mchezo wengi hukimbilia kulifuta swali ili yaishe. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu linamwadhibu mchezaji pekee aliyefikiri kuliko wenzake. Walioandika 24 hawapotezi kitu walichostahili. Aliyeandika 12 ananyang'anywa alama yake halali. Ufunguo wa majibu ukiwa na kosa na jibu sahihi likathibitika, ufunguo urekebishwe: wa 12 apewe, wa 24 aondolewe, hata kama wa 24 ni timu ishirini na wa 12 ni timu moja. Swali likiwa na majibu mawili yanayothibitika, yote mawili yapewe alama. Lifutwe pale tu ambapo hakuna jibu linaloweza kuthibitishwa.

Juu ya kufuta, kuna ubishi mmoja usio na maana unaorudi kila mara: tulifute swali au tuwape wote alama? Kwenye nafasi za jedwali matokeo ni yaleyale, kwa kuwa kila timu inapanda au inashuka sawa na nyingine. Tofauti inatokea pale ambapo kuna turufu ya kuzidisha alama za duru mara mbili, maana timu iliyoitumia turufu yake katika duru hiyo ingepata mbili wakati wengine wanapata moja. Kwenye mchezo wenye turufu, basi, swali lifutwe, lisigawiwe.

Sasa tuje kwenye kuamua kwenyewe. Linalohukumiwa ni swali kama lilivyoandikwa, si kama lilivyokusudiwa. "Jangwa kubwa kuliko yote duniani ni lipi?" Mtunzi alitaka Sahara, yenye kilomita za mraba takriban milioni 9. Aliyeandika Antaktika ana haki yake, kwa sababu wanajiografia hutambua jangwa kwa uchache wa mvua na theluji inayoanguka, wala joto halimo katika kipimo hicho, na Antaktika ina kilomita za mraba karibu milioni 14. Swali lingesema "jangwa la joto" pasingekuwa na rufaa. Kwa kuwa halikusema, Antaktika inapata na Sahara inakosa. Najua inauma.

Lakini kanuni hiyo isigeuzwe mlango wa kila ujanja. "Mlima mrefu kuliko yote duniani ni upi?" Mtu ataleta Mauna Kea wa Hawaii, kwamba ukipimwa kutoka kwenye sakafu ya bahari unazidi mita 10,000. Mwingine ataleta Chimborazo wa Ekwado, kwamba kilele chake ndicho kilicho mbali zaidi na kitovu cha dunia. Yote mawili ni kweli, na rufaa zote mbili zikataliwe. Urefu wa mlima, katika ramani, vitabu na midomo ya wapanda milima wenyewe, huhesabiwa kutoka usawa wa bahari, na swali halikutaja kipimo kingine. Kwenye jangwa, mleta rufaa analitumia neno kwa maana ambayo wanaolishughulikia wanaitumia. Kwenye mlima, analeta kipimo chake mwenyewe na kukibandika kwenye swali. Mwamuzi akiweza kutofautisha kesi hizi mbili, robo tatu ya kazi yake imekwisha.

Kuna pia maswali ambayo hayafai kuulizwa kabisa. Mto mrefu kuliko yote ni mojawapo. Vitabu vingi huupa Nile kilomita 6,650 hivi na Amazon 6,400 hivi, lakini urefu wa mto hutegemea umeamua chanzo chake kiko wapi na mdomo wake unaishia wapi, na mwaka 2007 watafiti wa Brazili waliutangaza Amazon kuwa ndio mrefu zaidi. Mwenye hekima atauliza mto unaomwaga maji mengi zaidi baharini. Hapo Amazon hauna mpinzani.

Miaka ndiyo chemchemi nyingine ya ugomvi. Albert Luthuli alipata Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960, lakini alitangazwa na kukabidhiwa mwaka 1961. Einstein alipewa Tuzo ya Fizikia ya 1921 mwaka 1922. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023 lilichezwa Januari na Februari 2024. Olimpiki ya Tokyo ya 2020 ilifanyika 2021. Ukiuliza "Mwaka gani Einstein alipata Nobel?", umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na mwamuzi hana budi kukubali 1921 na 1922. Ukiuliza "Einstein alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka gani?", jibu ni 1921 peke yake. Herufi chache tu zimebadilika na rufaa imekosa pa kusimama.

Idadi zinazokua zinahitaji tarehe ndani ya swali lenyewe. Miezi ya Zohali ni mfano wa hatari. Mwaka 2023 sayari hiyo ilihesabiwa kuwa na miezi 146, na Machi 2025 ikatambuliwa mingine 128, jumla ikawa 274. Swali lililotungwa kutoka kwenye kitabu cha shule cha zamani litakuwa na ufunguo mbovu kabla halijasomwa. Miji mikuu nayo inahama na kubadili majina. Kitabu cha ramani kilichochapwa 2020 kitasema mji mkuu wa Kazakhstan ni Nur-Sultan, ilhali jina la Astana lilirudishwa 2022.

Pale ambapo taasisi mbili zinahesabu tofauti, taja taasisi. "Afrika ina nchi ngapi?" ni swali la kualika vita, kwa kuwa Umoja wa Mataifa una wanachama 54 kutoka Afrika na Umoja wa Afrika una wanachama 55. Andika "Umoja wa Afrika una nchi wanachama wangapi?" uendelee na mchezo wako kwa amani.

Mpira wa miguu nao unastahili neno. "Fainali ya Kombe la Dunia ya 1994 iliisha kwa matokeo gani?" Brazili na Italia walitoka 0-0, kisha Brazili wakashinda kwa penalti 3-2. Kwa kanuni za mchezo, mikwaju ya penalti ni njia ya kumpata mshindi, na mechi yenyewe huandikwa sare. Aliyeandika "0-0" apewe. Aliyeandika "Brazili 3-2 kwa penalti" apewe pia, maana ameeleza kilichotokea. Aliyeandika "3-2" tupu asipewe, kwa kuwa amedai mabao ambayo hayakufungwa.

Majina yana mitego yake. Tahajia isimnyime mtu alama ikiwa matamshi yanaelekea kwenye jina sahihi na hayaelekei kwenye jina jingine. Jina la ukoo pekee litoshe, isipokuwa pale ambapo watu wawili wenye jina hilo walishika nafasi ileile. Ukiuliza rais wa Marekani wakati wa Vita ya Ghuba ya 1991, "Bush" ni jibu lenye watu wawili, baba na mwana, na mchezo wa maandishi hauruhusu kumwuliza mchezaji "yupi?". Kwa hiyo tangaza mapema kwamba katika hali hiyo ni lazima mchezaji aonyeshe ni yupi, kwa mfano kwa kuongeza "baba" au "mwana", maana jina la kwanza la wote wawili ni George, au sivyo kubali jina la ukoo bila kinyongo. Mchezaji akiongeza maelezo yasiyo sahihi, ameharibu jibu lake. "Bush mwana" kwa swali hilo ni kosa, hata kama jina la ukoo ni sahihi. Nchi hazina huruma hiyo ya jina fupi: anayeulizwa nchi ya Afrika ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi akaandika "Guinea" amekosa, kwa kuwa hiyo ni nchi nyingine, na aliyotakiwa kuitaja ni Guinea ya Ikweta.

Mchezo wa Kiswahili uwe na orodha pana ya majibu yanayokubalika. Mars na Mirihi, Venus na Zuhura, Jupiter na Mshtarii, Ivory Coast na Kodivaa na Côte d'Ivoire, yote ni majibu yaleyale. Orodha hii iandaliwe kabla, hasa kama majibu yanajazwa kwenye fomu ya mtandaoni inayosahihisha yenyewe. Mashine hulinganisha maandishi na ufunguo, haijui maana. Nafasi moja iliyozidi, alama ya nukta, kistari kilichosahauliwa au herufi yenye mkia kwa juu huweza kuligeuza jibu sahihi kuwa sifuri. Dawa yake ni ya dakika chache. Fomu ikifungwa, fungua jedwali la majibu, panga safu ya kila swali kwa alfabeti, upitie kwa macho kila jibu lililohesabiwa kosa. Majibu yanayofanana yatajikusanya pamoja na utayaona kwa mkupuo mmoja. Fanya hivyo kabla ya kutangaza alama. Rufaa nyingi zitakufa hapo bila mtu kuzileta.

Programu za papo kwa papo zinazotoa alama kulingana na kasi ya kujibu zina ugumu zaidi. Mtindo wa kawaida ni alama 1000 zinazoshuka taratibu hadi 500 muda unapokwisha. Swali likiwa na sekunde 20, aliyejibu sahihi baada ya sekunde 4 anapata 900, na aliyejibu baada ya sekunde 10 anapata 750. Rufaa ikikubaliwa, usimpe mleta rufaa 1000 kamili, wala 500 za huruma. Pakua ripoti ya mchezo, tafuta sekunde alizotumia, umpe alama ambazo programu ingempa. Malalamiko kwamba mtandao wa mchezaji ulikuwa mzito hayathibitishiki upande wowote. Kanuni iseme tangu mwanzo kwamba hayasikilizwi, na anayeona hilo si haki aendeshe mchezo wake bila alama za kasi. Mimi mwenyewe naona ndivyo inavyofaa kwa michezo ya kirafiki.

Maswali ya namba yatangaze kiasi cha kukosea kinachovumiliwa. Everest ulizoeleka kwa mita 8,848, na Desemba 2020 Nepal na China zikatangaza pamoja 8,848.86. Usiposema kitu, utabishana juu ya 8,848 na 8,849 hadi usiku wa manane. Sema "kwa kukosea hadi mita 10 juu au chini". Na kwenye maswali ya kukaribia zaidi, sema kama anayezidi naye anahesabiwa, na kama wawili wakiwa mbali sawasawa wanagawana alama au wote wanapewa kamili.

Rufaa yenyewe iletwe vipi? Iwe ujumbe mmoja, upelekwe kwa mwendesha mchezo peke yake, si kwenye kundi la wote. Iwe na namba ya swali, jibu la mchezaji kama alivyoliandika neno kwa neno, anachotaka (kukubaliwa jibu lake, kurekebishwa ufunguo, au kufutwa swali), na chanzo kimoja au viwili. Sentensi tano zinatosha. Muda wa kuleta rufaa, kwa mchezo wa moja kwa moja, uwe hadi duru inayofuata ianze, na kwa duru ya mwisho dakika kumi baada ya majibu kutangazwa. Kwa mchezo wa fomu wa wiki nzima, saa 24 zinafaa. Muda ukipita, alama zibaki zilivyo hata kama rufaa ina ukweli, kwa sababu jedwali lisilofungwa halina maana kwa mtu yeyote. Mwisho wa muda uandikwe kwa mtindo wa saa 24 (kama 21:00), ukitaja ukanda wa saa, maana wachezaji wako nchi tofauti.

Mleta rufaa asilaumiwe kwamba anatetea alama zake. Ana haki ya kufanya hivyo. Asichoruhusiwa ni kudai mwingine alidanganya. Tuhuma za kutafuta majibu mtandaoni ni shauri jingine, lipelekwe faragha, wala lisichanganywe na swali la kama jibu ni sahihi.

Waamuzi wawe watatu, wasiwe watunzi wa duru hiyo, na ikiwezekana wawe watu ambao timu zao haziguswi na matokeo. Kundi likiwa dogo, wawili wanatosha, na wa tatu aitwe wakikwama. Wapewe maandishi ya swali, jibu linalobishaniwa na vyanzo, bila jina la timu. Mtunzi aandike maelezo yake mara moja tu. Kura iwe ya wingi. Kama kuna mambo mengi, waanze na yale yanayoweza kubadilisha nafasi za jedwali. Mashindano ya maswali ya vyuo na shule huko Marekani huamua rufaa pale tu inapoweza kubadili matokeo ya mchezo, na utaratibu huo unaokoa muda mwingi. Kwa marafiki ningelegeza kidogo: rufaa isiyobadili nafasi ijibiwe baadaye, kwa sababu mchezaji hutaka pia kujua kama alikuwa sahihi.

Kuhusu vyanzo, anza na mwenye mamlaka juu ya jambo lenyewe: chama cha kimataifa cha wanaastronomia kwa sayari, FIFA kwa kumbukumbu za Kombe la Dunia, taasisi ya Nobel kwa tuzo zake. Baada yao vitabu vya rejea. Kamusi elezo ya mtandaoni inafaa, mradi usome toleo lililokuwepo kabla ya mchezo kuanza. Historia ya mabadiliko huonyesha kila hariri na saa yake, na si ajabu kukuta ukurasa umehaririwa wakati ubishi unaendelea. Muhtasari unaotokea juu ya matokeo ya utafutaji usikubaliwe, wala jibu la programu ya akili mnemba. Programu hizo humjibu mleta rufaa kwa namna moja na mtunzi kwa namna nyingine, kulingana na walivyouliza, na zikisukumwa hukubaliana na anayesukuma. Zinaweza kukuelekeza kwenye chanzo. Hicho chanzo ndicho kiletwe.

Uamuzi utangazwe kwenye kundi zima kwa mstari mmoja wenye sababu: "Swali la 14: Antaktika imekubaliwa, Sahara imeondolewa, kwa kuwa swali halikusema jangwa la joto." Usitaje aliyeleta rufaa. Ambatanisha jedwali jipya papo hapo, si kesho yake, na uonyeshe alama za zamani kando ya mpya ili kila timu ijikague. Kisha mstari huo uhamishiwe kwenye faili ya maamuzi ambayo kila mchezaji anaweza kuisoma. Kesi kama hiyo ikija tena, waamuzi waifuate faili. Wakitaka kubadili msimamo, wabadili kwa mchezo unaofuata, wala si kwa ule unaoendelea.

Msomaji wako,
Mpenzi wa chemsha bongo